Majina yetu katika orodha za marejeleo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo watafiti wengi huliona dogo mpaka siku mswada wao unaporudishwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea watafiti vijana wa hapa Tanga miswada yao kabla hawajaituma kwenye majarida ya sayansi, na mara nyingi ninachokikuta kimeharibika si hoja wala majedwali, bali orodha ya marejeleo, yaani ya vyanzo alivyovitumia, ambayo mwenye mswada huiandika usiku wa mwisho akiwa amechoka, tena kwa kunakili kutoka katika orodha za watu wengine.

Hivi karibuni nililetewa mswada uhusuo mbu waenezao malaria. Ulikuwa na marejeleo 63, na jarida lililokusudiwa linafuata mtindo wa Vancouver, yaani ule ambao kila chanzo hupewa namba kwa kadiri kinavyotajwa mara ya kwanza ndani ya matini. Mwandishi alikuwa ameongeza chanzo kimoja kwenye utangulizi, kikawa namba 4, akasahau kwamba kile cha 4 sasa kimekuwa cha 5 na vyote vilivyofuata vimesogea. Matokeo yake, sentensi iliyoeleza kwamba mbu wa eneo fulani wameanza kuhimili dawa inayotiwa kwenye vyandarua ilimpeleka msomaji kwenye taarifa ya sensa ya watu. Mhakiki akikuta kosa kama hilo mara mbili, ataanza kuzitilia shaka hata takwimu zilizopatikana kwa kazi halali ya miezi mingi, na sioni kwa nini alaumiwe.

Namba zinaweza kurekebishwa kwa subira, lakini majina ni suala gumu zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mtindo huo wa namba ulianzia kwa wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakitaka majarida yao yakubaliane utaratibu mmoja ili mwandishi asilazimike kupanga kila kitu upya anapobadilisha jarida. Mtindo mwingine maarufu, ule wa jina na mwaka ndani ya mabano, huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala yake kuhusu konokono asiye na gamba. Mitindo yote miwili iliwekwa na watu ambao kwao jina la mwisho ni jina la ukoo, linalorithiwa na ndugu wote wa nyumba moja, na kwa hiyo ni sawa kabisa kwao kulitanguliza hilo na kuyafupisha mengine.

Kwetu pwani hali si hiyo. Tuseme mtafiti anaitwa Mwanaisha Salimu Bakari. Mwanaisha ni yeye mwenyewe, Salimu ni baba yake na Bakari ni babu yake. Mtindo wa Vancouver unamgeuza kuwa Bakari MS, yaani babu ndiye anayetajwa kwa jina kamili, na binti aliyekesha maabara anabaki kuwa herufi moja. Mwaka unaofuata akichapisha makala nyingine kwa majina mawili tu, atakuwa Salimu M, na hifadhidata zitamhesabu kuwa mtu mwingine. Kisha anakuja mwanafunzi wake, ambaye amemzoea kwa jina la Bi. Mwanaisha, naye anamworodhesha chini ya herufi M. Nimewahi kushika orodha moja ambamo mwandishi mmoja alikuwa amekaa mahali patatu tofauti, na aliyeiandaa hakujua kwamba anamtaja mtu yule yule. Wenye “bin” au “binti” katikati ya majina yao hupata taabu zaidi, kwa sababu kila anayewarejelea hulipeleka neno hilo anakotaka.

Wako wanaosema kwamba tuikatae mitindo hiyo na kuandika majina kama tunavyoitana. Naelewa uchungu wao, lakini sikubaliani nao, kwa kuwa orodha ya marejeleo kazi yake ni kumfikisha msomaji kwenye chanzo, na msomaji huyo anaweza kuwa Bagamoyo au Brazili. Kilicho mikononi mwetu ni jina tunalolichapisha. Mtafiti na aamue kabla ya makala yake ya kwanza kama atajiandika kwa majina mawili au matatu, na kama anataka majina mawili yashikane basi ayaunge kwa kistari, kisha asibadilishe tena. Ajiandikishe pia ORCID, utaratibu ulioanza mwaka 2012, ambao humpa mtafiti namba yake ya tarakimu 16 bila malipo, ili kazi zake zimfuate hata pale ambapo jina limekosewa. Na sisi tunaomrejelea tuliandike jina lake kama lilivyo kwenye makala yake, si kama tunavyolijua mtaani.

Si kwamba sayansi haijui kutunza majina. Lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara lilipewa jina la Saintpaulia na Hermann Wendland mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Ua hilo limekwisha kuhamishiwa kundi jingine la mimea, lakini jina la Wendland bado linaandikwa kwenye mabano kila linapotajwa kwa ukamilifu. Uangalifu wa namna hiyo ndio ninaouombea mtafiti wa Muheza au Pangani.

Programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, husaidia sana kupanga namba na koma, ila haiwezi kujua lipi ni jina la baba. Aliyeijaza vibaya atapata orodha nadhifu yenye makosa. Orodha zinazoandikwa na akili mnemba nazionea hofu kubwa zaidi, maana nimekuta humo makala zenye kichwa kizuri, juzuu na kurasa, ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kila chanzo chenye namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayokitambulisha mtandaoni, kifunguliwe, na kisicho nayo kitafutwe chenyewe na kusomwa, kabla hakijaingia kwenye mswada.

Kwa wahariri wa majarida yetu ya ndani nina ombi moja mahususi. Katika maelekezo kwa waandishi, mahali ambapo sasa mifano yote ni ya akina Smith na Jones, wekeni mfano mmoja wa jina la Kitanzania lenye sehemu tatu na mwingine wenye “bin”, mkionyesha lipi litangulie na lipi lifupishwe. Ni mistari miwili tu. Na wasimamizi wa tasnifu vyuoni wawaonyeshe wanafunzi mistari hiyo mwezi wa kwanza wa utafiti, wakati orodha bado ina vyanzo vitano na kila kimoja bado kipo mezani.

Wako msomaji,
Chumbageni, Tanga