Fleti Inayotazama Ziwa Inatazama Pia Jua la Jioni

Sisi huchora sura za nje za majengo, na wateja wengi wanaokuja kwetu na ramani ya ghorofa ya kupangisha wana ombi moja: sebule zote zitazame ziwa, na upande huo uwe vioo kuanzia chini hadi juu. Ombi hilo tunalielewa. Kiwanja cha mlimani hapa Kigoma, ambacho siku ya anga safi unaona mpaka milima ya Kongo ng'ambo, kina bei yake, na mpangaji atakayetoa kodi nzuri anaitoa kwa sababu hiyo. Lakini ziwa letu, Tanganyika, liko magharibi. Kila dirisha unalolielekeza ziwani umelielekeza kwenye jua la jioni.

Na jioni ya Kigoma ni ndefu. Tuko ukingoni kabisa mwa nchi, ila saa tunazotumia ni zilezile za Dar es Salaam. Ndiyo maana jua huwa juu kabisa karibu saa saba mchana badala ya saa sita, na huzama karibu saa moja usiku. Saa kumi na moja jioni, watu wanaporudi makwao kutoka kazini, jua bado lina kama saa mbili angani. Limeshashuka hadi nyuzi 30 hivi, na linaingia sebuleni limelala, mpaka kwenye kochi la mwisho.

Sasa chukua kile kipande cha zege ambacho mafundi hukitokeza juu ya dirisha kwa mazoea, tuseme sentimita 60. Upande wa kaskazini, mwezi Juni saa saba mchana, kinatia kivuli zaidi ya mita moja ya dirisha. Kazi nzuri. Kipande hichohicho upande wa ziwani, saa kumi na moja jioni, kinakinga sentimita 35 tu za juu. Dirisha lote lililobaki linaungua. Kwa hiyo sisi hatuchori uso mmoja wa jengo na kuunakili pande nne, hata mteja akipenda mistari ifanane.

Upande wa ziwani tunashauri roshani yenye kina cha mita moja na nusu, si ile nyembamba ya kuanikia taulo. Roshani hiyo, pamoja na slabu (sakafu ya zege) ya ghorofa ya juu yake, inakinga mita moja na nusu ya mlango hadi saa kumi. Kwa saa tatu zinazobaki unahitaji kitu cha wima: mbavu za zege, ukuta mfupi wa tofali za matundu pembeni, au fremu za vibao vya mbao au aluminiamu ambazo mpangaji anazisukuma mwenyewe jua likishuka na kuzirudisha likizama. Hizi za kusukuma ndizo ninazozipenda kuliko zote. Zinapunguza jua bila kuziba upepo, na upepo wa mchana unatoka kulekule ziwani. Ukiziba upande huo kwa kioo kisichofunguka, umekaribisha joto na kufukuza kinacholipoza.

Vioo vya giza havimalizi tatizo. Vinapunguza mwanga, lakini kioo chenyewe hupata moto na kuurudisha ndani. Vile vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia vinakuficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa, aliye barabarani anakuona wewe na wewe humwoni. Kumbuka pia kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu yake tu, kwa hiyo dirisha la mita moja na nusu linakupa sentimita 75 za hewa. Na vyumba vya kulala, kama kiwanja kinaruhusu, vipeleke mashariki. Ukuta uliochomwa na jua mpaka saa moja unaendelea kutoa joto saa nyingi baadaye, na anayelipia usiku huo kwa kiyoyozi na umeme wa LUKU ni mpangaji, ambaye mkataba ukiisha anahama.

Baada ya jua ni maji, na hapa ndipo majengo mapya yanapozeeka haraka. Tazama ghorofa yoyote ya mjini iliyopakwa rangi nyeupe na kupigwa na mvua tangu Novemba hadi Aprili. Chini ya kona za madirisha utaona michirizi myeusi, na chini ya roshani madoa ya kahawia. Wengi husema rangi ilikuwa mbovu. Mara nyingi rangi haina kosa. Tone la maji likifika ukingoni mwa slabu halidondoki lenyewe. Hushikamana na zege, likapinda chini ya slabu na kutambaa hadi ukutani. Dawa yake ni mfereji mwembamba chini ya slabu, upana na kina cha milimita 10 hadi 15, sentimita tatu hivi kutoka ukingoni. Tone likiufikia, linakatika na kuanguka. Fundi anaupata kwa kupigilia ubao mwembamba kwenye mbao za kumwagia zege kabla ya zege kuingia. Gharama yake ni ndogo sana, ilimradi mtu awe ameuchora na mtu mwingine awe amesimama kuukagua. Ukisahaulika, kuuchonga baadaye kwenye ghorofa ya nne kunahitaji jukwaa upya.

Ukingo wa chini wa dirisha nao uinamie nje, na utokeze kama sentimita nne au tano kupita plasta, na mfereji wake chini. Msingi wa jengo uvishwe mawe au marumaru ngumu kwa nusu mita ya kwanza, kwa sababu mvua ikipiga udongo wetu mwekundu hurusha tope ukutani. Mteja anayetoka Pwani huuliza sana habari za chumvi kula madirisha. Maji ya Tanganyika ni maji baridi, hofu hiyo aiache huko. Pesa yake aiweke kwenye rangi ya nje inayostahimili ukungu.

Mtindo wa paa la kuficha, yaani bati lililofichwa nyuma ya ukuta unaolizunguka juu ya jengo, tunauchora, kwa sharti. Paa la mita za mraba 300 likipata mvua ya milimita 50 linapokea lita 15,000, na maji yote hayo yamefungiwa nyuma ya ukuta. Tunataka gata pana, mabomba ya kushusha yasiyopungua mawili hata kama moja lingetosha, na tundu la dharura ukutani ili gata likiziba maji yatoke nje badala ya kushuka kwenye dari ya mpangaji wa juu. Ukuta huo wa kuficha bati usiwe wa tofali tupu. Ufungwe kwa nguzo na nondo zilizotoka kwenye bimu ya chini. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga hapahapa Ziwa Tanganyika. Tofali zilizopangwa juu ya ghorofa bila kufungwa huangukia mlango wa kuingilia.

Kuhusu yale mabamba ya aluminiamu yanayovishwa nje ili jengo ling'ae: yapo yenye plastiki katikati, na yapo yenye kiini kisichoshika moto kirahisi. Mwaka 2017 jengo la Grenfell Tower, London, liliungua moto ukipanda kwenye mabamba ya aina ya kwanza, na watu 72 wakafa. Kwenye jengo ambalo watu wanalala sisi hatuyafungi, hata mteja akituletea mwenyewe.

Ukitaka tuanze, leta nakala ya ramani, vipimo vya kiwanja, na picha ulizopiga saa kumi na moja jioni ukiwa umesimama pale sebule itakapokuwa. Njoo kabla ramani haijapelekwa Manispaa ya Kigoma Ujiji kuombewa kibali, kwa sababu ukibadili kina cha roshani baada ya hapo unarudi kwenye mahesabu ya nondo na kwenye kibali chenyewe. Kama ujenzi umeshaanza, njoo kabla slabu inayofuata haijamwagwa. Mifereji ya chini, bomba la kutolea maji ya viyoyozi na mahali pa kuvikalisha nje bado tunaweza kuvipanga vikakaa pazuri.