Risala ya Wanafunzi wa Kikundi cha Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Dokta,
Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu,
Walimu wetu na wajumbe wa komite ya wazazi,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Jambo yenu wote.

Kwa niaba ya kikundi cha sayansi cha shule yetu hapa Katuba, tunakukaribisha nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu ulisoma Kasapa, hapa hapa Lubumbashi, kabla ya kwenda ng'ambo, na kwa sababu umekubali kula bukari na sombe pamoja nasi baada ya sherehe, jambo ambalo wageni wengine hulikwepa kwa adabu.

Mama Dokta, katika mji huu wa shaba, mtoto akisema anapenda sayansi watu huona migodi, kobalti na gari la kampuni. Tulipotangaza jina lako, mzazi mmoja aliuliza mtafiti wa ubongo hulipwa na nani. Swali hilo tunakuachia. Sisi tulitaka kujua magonjwa unayoyachunguza ni yapi, tukayasoma pamoja na mwalimu wetu wa biolojia. Tunasema tulichoelewa; ukisikia kosa, utusahihishe hapa hapa.

Tumeelewa kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaweza kuugeukia ubongo wenyewe, kama sentineli anayempiga fimbo mwenye nyumba aliyechelewa kurudi usiku. Ugonjwa uliotushika zaidi ni ule ambao kingamwili, yaani silaha ambazo kinga hutengeneza, hushambulia vipokezi vya NMDA, vinavyotumiwa na seli za ubongo katika kujifunza na kukumbuka. Msichana mzima kabisa anaanza na homa na kuumwa kichwa. Siku chache baadaye halali, anaona watu wasiokuwepo, anawashuku ndugu zake. Kisha degedege, mdomo unachezacheza wenyewe, maneno yanakatika. Wengine hufika mahali pa kupumua kwa mashine.

Wazazi wetu, tuseme kweli. Msichana wa namna hiyo mtaani kwetu mara nyingi haanzii hospitali. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, au anatafutwa bibi kizee wa kusingiziwa ulozi. Hatusemi kwamba kila aliyechanganyikiwa ana ugonjwa huu, maana ni wa nadra, na hapa kwetu daktari atatafuta kwanza malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na malale. Tunasema tu kwamba bibi yule hana kosa.

Aliyefungua njia ni Josep Dalmau na wenzake, walipokuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani. Mwaka 2007 walieleza habari za wanawake 12 walioumwa hivyo, na wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, karibu wote kwenye ovari. Uvimbe huo wa ajabu unaweza kuwa na nywele, meno, hata tishu za neva. Kinga inaziona neva hizo mahali zisipopaswa kuwa, inatengeneza silaha, na silaha zinafika kichwani. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote, na kwamba wanaume na watoto pia wanaupata. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa 577 uliotolewa mwaka 2013, kati ya 501 waliofuatiliwa, 394 walifikia hali nzuri ndani ya miaka miwili. Walitibiwa kwa dawa za steroidi, kusafishwa damu, na kuondolewa uvimbe pale ulipokuwepo. Tuliposoma namba hiyo darasa lilinyamaza, kisha mmoja akauliza: na kama wangebaki kwenye maombi tu?

Ugonjwa mwingine tutaugusa kwa ufupi. Ule wa kupofusha macho na kulemaza miguu (neuromyelitis optica), aliouandika Eugène Devic wa Ufaransa mwaka 1894, huwapata watu wenye asili ya Afrika na Asia zaidi kuliko Wazungu. Kwa muda mrefu ulichanganywa na sklerozi (multiple sclerosis), ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za sklerozi huuzidisha. Kingamwili yake ilijulikana mwaka 2004 tu, kwa kazi ya Vanda Lennon na wenzake huko Marekani. Ugonjwa unaowapata watu weusi, lakini katika tafiti zake wagonjwa kutoka Afrika bado ni wachache. Jambo hili lilitukera, na ndilo lililotufanya tukuite wewe, wala si mtu wa migodi.

Sasa hali yetu. Tuna mikroskopu moja. Courant ya umeme ikikatika tunaisogeza dirishani na kutumia jua, na kwa kweli vijidudu vya malaria tumeviona hivyo hivyo. Mengine Bwana Prefe anayajua, hatutayarudia mbele ya wageni.

Maombi yetu hayahusu fedha. La kwanza, kabla hujaondoka leo, waeleze wazazi wetu habari za sindano ya mgongo, ile ya kutoa maji ya uti wa mgongo ili yapimwe. Bila maji yale hakuna wa kujua kingamwili gani imeingia, lakini familia nyingi hukataa kwa kuogopa mtoto atapooza. Sisi tumejifunza kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo. Tukiwaambia sisi wanatucheka. Ukisema wewe watasikia.

La pili, slaidi za zamani ambazo maabara yako haizihitaji tena, usizitupe.

La tatu, wakati wa likizo kubwa wapokee wenzetu wawili wakae kwako, hata kama ni kuosha vioo na kuandika majina kwenye vichupa. Barua zao na ruhusa za wazazi wao zimo katika bahasha tunayokukabidhi sasa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa kikundi cha sayansi,
Katuba, Lubumbashi