Ya kale yamepita, na daftari je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa injili katika kiwanja cha mpira cha kata yetu, hapa Muleba. Mfanyabiashara mmoja tunayemfahamu wote alipewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Akasema ameokoka, sasa ni kiumbe kipya, na wanaomdai wakamdai yule mtu wa kale, maana amekwisha kufa. Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, mpiga kinanda naye akapandisha. Mama aliyekaa mbele yangu hakupiga makofi. Alikuwa akifunga upya kanga yake, na mimi najua anachomdai yule bwana.

Simhukumu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa butura. Kwa wasioijua, butura ni kununua kahawa ya mtu ingali ua mtini. Januari shule zinafunguliwa, mzazi hana ada, na kahawa haivunwi mpaka kuanzia Mei. Anakuja kwako jioni ili majirani wasimwone. Unampa fedha ya haraka, nusu ya thamani au chini ya hapo, na mavuno yote ya kipande kile yanakuwa yako. Yote niliyaandika kwenye daftari la jalada gumu: jina, idadi ya mibuni, fedha niliyotoa, magunia niliyopata. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Niliokoka mwaka 1994. Nililia, nikaimba Tukutendereza Yesu kwa Kiganda kama tunavyoimba wote huku, hata tusiojua Kiganda. Wiki iliyofuata mzee mmoja wa uamsho alikuja nyumbani, akanywa chai, akauliza habari za watoto. Alipokuwa anaaga akaniambia, "Ndugu, lile daftari lako liko wapi?"

Wazee wale walikuwa hivyo. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kuvuka mpaka kuingia kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, haukuishia kwenye machozi. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi kwa jina lake, kisha wakabeba jembe la wizi na kulirudisha kwa mwenyewe mchana kweupe. Waliitwa walokole kwa kejeli, lakini mkopeshaji alikuwa anafurahi akisikia mdaiwa wake kaokoka. Siku hizi, akisikia hivyo anaanza kuhesabu hasara.

Andiko tunalolipenda ni 2 Wakorintho 5:17, "ya kale yamepita tazama! Yamekuwa mapya." Basi tusome na Luka 19. Zakayo alisimama akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humu. Mara nne, Mhariri! Mimi nilirudisha mara moja tu, tena kwa awamu, na nikauza ng'ombe.

Nilizunguka na daftari muda wa miezi mitano. Mmoja alinicheka, akafikiri nimerukwa na akili. Mwingine alikuwa amefariki, mwanawe akapokea bila kunikaribisha ndani. Ila nyumba ninayoikumbuka ni ya mama mmoja mjane. Nilimkuta akianika maharage kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikaeleza, nikampa bahasha. Akajifuta mikono, akahesabu noti polepole, akarudia tena. Akasema, "Hii ya kahawa nimeiona, waitu. Na ya shule ya kijana wangu iko wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Mwaka wa kwanza fedha yangu ya butura ilimlipia ada kijana huyo. Mwaka wa pili, kwa kuwa mavuno ya kwanza yalikuwa kwangu, mama akalazimika kuniuzia tena. Mwaka wa tatu hakuwa na cha kuuza, kijana akarudishwa nyumbani akiwa kidato cha pili. Hayo daftarini hayakuwemo. Niliinuka na vumbi magotini, nikaaga.

Ombi langu ni kwa wachungaji na wahubiri wanaosoma gazeti hili. Kabla ya kumpa mtu kipaza sauti, nendeni mkanywe naye chai. Mwulizeni habari za daftari. Kama hana cha kulipa, basi aende hata mikono mitupu, ajitaje kwa jina mbele ya aliyemdhulumu, asimwachie yule mama akae kwenye nyasi akisikiliza deni lake likifutwa na kipaza sauti. Naambiwa hiyo ni sheria, si neema. Nami nauliza, ni neema ya nani inayolipwa na mjane?

Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana kibanda cha kuziba pancha za pikipiki njiani ninapopita kwenda ibadani. Kila Jumapili namwambia, "Bwana asifiwe." Ananijibu, "Za asubuhi, mzee."

Mkulima wa kahawa,
Muleba, Kagera.