Afande, ile kamera inaona mpaka wapi?

Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Naguru, Kampala

Afande,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya gwaride lako, na tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ndiyo lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mimi ni mama, fundi cherehani hapa Kisenyi. Nashonea barazani. Hatua kama ishirini kutoka kwenye cherehani yangu ipo nguzo yenye kamera tatu: moja inatazama njia panda, moja steji ya bodaboda, na ya tatu imeelekezwa kwangu.

Juzi mteja mmoja alikuja nimshonee gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda. Aliinua mikono nimzungushie futi kifuani, akainua na macho, akaiona kamera. Mikono ikashuka. "Fundi, ile inaona mpaka wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Jioni nilitundika kitenge mlangoni, na tangu hapo wanawake nawapimia ndani, kwenye kiza, nasoma futi kwa tochi ya simu.

Pale steji nako mambo yamebadilika. Vijana wale walikuwa na kikao chao kila jioni: bei ya petroli, ushuru, barabara mbovu, viongozi wanaoahidi na kusahau. Kelele tupu, lakini kelele za watu huru. Siku hizi mmoja akipaza sauti, mwenzake humgusa bega na kumwonyesha nguzo kwa kidevu. Hakuna askari aliyewakataza kuzungumza. Hakuna pia aliyewaambia kama kamera ile inanasa sauti au picha peke yake. Basi wamejifunga midomo wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kile kitenge changu.

Nakumbuka vizuri kamera zilivyokuja, Afande. Tarehe 17 Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, afisa wenu mkubwa, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake Kulambiro, akafa pamoja na mlinzi na dereva wake, na Rais akaagiza kamera zifungwe mijini. Mwaka huohuo wanawake walikuwa wakiuawa Entebbe na Nansana, maiti zao zikiokotwa vichakani. Mimi nilikuwa nafunga kazi kabla jua halijazama. Kituo cha kuongozea kamera kilipozinduliwa Nateete mwishoni mwa 2018, nilishangilia. Sikuuliza bei, na wala sikuuliza Huawei waliopewa kazi ile ni nani. Baadaye tukasikia mradi mzima ni dola milioni 126, fedha ambazo mimi na wale vijana wa steji tunazilipa kwenye kila lita ya mafuta na kila mita ya kitambaa. Hata hizo sizililii, zikiokoa roho ya mtu.

Kisha ikaja Novemba 2020. Robert Kyagulanyi, yule mwanamuziki Bobi Wine, alikamatwa wilayani Luuka akiwa mgombea urais, mitaa ikawaka moto, na watu wasiopungua 54 wakafa. Wengine hawakuwa hata waandamanaji. Walikuwa njiani tu, au kazini. Baada ya hapo jeshi lako lenyewe lilieleza kwamba picha za kamera na mitambo ya kutambua sura zimetumika kuwasaka washukiwa, na waliokamatwa wakapita mia nane. Kamera tulizozipokea ziwatafute wauaji wa Kaweesi zikawa zinatafuta nyuso za watu walioingia barabarani. Aliyechoma gari na aliyesimama kando akipiga kelele, nani aliwatenganisha, na kwa kanuni ipi?

Sheria tunazo. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na ya 29 inampa haki ya kusema, kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihusu pia taasisi za serikali, na inasema taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kweli, imeacha mlango kwa ajili ya usalama wa taifa. Lakini mlango huo, Afande, haukuwekwa ili nyumba nzima ipite.

Na usiambiwe kwamba kuuliza haya ni kuwa upande wa wahalifu. Uingereza, mwezi Agosti 2020, Mahakama ya Rufaa iliona kwamba polisi wa Wales Kusini walikosea kutumia kamera za kutambua sura, kwa sababu kanuni zao ziliwaachia askari wenyewe kuamua mno ni nani atafutwe na kamera ziwekwe wapi. Kule Marekani, karibu na mji wa Detroit, Januari mwaka huohuo, baba mmoja mweusi alifungwa pingu mbele ya mkewe na binti zake wadogo, kisa kompyuta ilifananisha uso wake na wa mwizi wa saa. Hakuwa yeye. Wenzetu hao wana mawakili kila kona. Kijana wa steji ya Kisenyi akifananishwa vibaya, nani atamtoa?

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Toa hadharani kanuni inayotumika katika vyumba vya kutazamia picha, kwa Kiingereza, Luganda na Kiswahili: picha zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa, nani ana ruhusa ya kuzitazama, na je, askari anayetafuta uso wa mtu kwenye mtambo anahitaji amri ya hakimu? Tuambie pia kama kamera hizi zinasomana na namba mpya za kidijitali za magari na pikipiki, zenye kifaa cha kufuatilia, zilizoanza kufungwa 2023, maana hapo mtu atafuatwa toka kitandani mpaka sokoni. Mpaka kanuni hiyo itoke, mtambo wa kutambua sura uzimwe penye mikutano na maandamano.

Na pale chini ya nguzo yetu pafungwe kibao chenye namba ya simu ya afisa anayehusika, nimpigie nimwombe aigeuze ile ya tatu itazame barabara. Kitenge nilichotundika mlangoni ni cha mteja. Anakihitaji Ijumaa.

Mimi raia wako,
Fundi cherehani, Kisenyi