Malalamiko kuhusu uvungu wa sakafu mliouziba nusunusu, Jambiani

Kitengo cha Matengenezo,
Nyumba za Wageni,
Jambiani, Unguja.
2 Juni 2025

Meneja wa Kazi,
Kampuni ya Ujenzi na Ukarabati,
Unguja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATAA KUPOKEA KAZI YA UVUNGU, NYUMBA NAMBA 3

Assalamu alaykum. Tunakuandikieni kukataa kupokea kazi mliyoifanya kabla ya masika ya kuziba uvungu, yaani nafasi iliyo chini ya sakafu ya mbao ya nyumba namba 3, usiingie unyevu. Tunakataa vilevile dawa mliyoipendekeza katika barua yenu, yaani kutoboa matundu mengine manne ya hewa na kufunga feni. Feni hiyo itaongeza ugonjwa.

Mbao za sakafu zimebinuka, kingo zimepanda na katikati kumebonyea. Mbao hubinuka hivyo pale upande wa chini unapolowa na wa juu ukabaki mkavu, kwa hiyo hoja yenu kwamba wageni huingia na maji ya bahari miguuni haisimami. Kipima unyevu kinasoma asilimia 24 hadi 27 kwenye mbao zilizo chini ya chumba cha kulala, na ili zisalimike na kuoza zinatakiwa zibaki chini ya 20. Pamba ya glasi mliyoiweka chini ya sakafu kuzuia joto imelowa, imekuwa nzito, na vipande vingi vimeshaanguka chini. Misumari ina kutu.

Tuanze na nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini. Mkataba unataja geji 1000, mlichotandika ni geji 500, nusu ya unene huo. Ardhi ya Jambiani ni jiwe la matumbawe lenye ncha, na nailoni nyembamba juu yake bila tabaka la mchanga hutobolewa na goti la fundi mwenyewe. Hata kiasi hakikutosha. Ardhi ya uvungu ni mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Ukiongeza nusu mita ya kupanda ukutani pande zote, mapindano, na kuvifunga viguzo 12, unahitaji kama mita za mraba 90. Ankara yenu inasema 60. Ndiyo maana vipande vimewekwa ubavu kwa ubavu bila kupindana wala kubandikwa tepu, na pembeni ardhi iko wazi.

Hata hivyo, nailoni ingekuwa nzuri kiasi gani, matundu ya ukutani mliyaacha wazi, na hapo ndipo penye kosa kubwa. Mnaandika kwamba uvungu unahitaji kupumua. Hewa ya pwani wakati wa masika, ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, huanza kudondosha maji ikigusa kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 25. Kiyoyozi cha chumba kimewekwa nyuzi 22, na mbao za sakafu chini yake ziko 23 au 24. Kila tundu la hewa basi linaleta maji, na feni ingeyaleta kwa kasi zaidi. Pale palipo chini ya baraza, ambako hakuna kiyoyozi, mbao ni kavu ingawa matundu ni yaleyale na ardhi ni ileile. Mafundi wenu walionyeshwa jambo hilo kwenye ukaguzi wa pamoja na hawakulijibu.

Pamba nayo imegeuzwa. Karatasi yake inayozuia mvuke imeelekezwa juu, kwenye sakafu, kama maelezo ya pakiti yanavyosema kwa nchi za baridi, ambako mvuke hutoka ndani ya nyumba yenye joto. Hapa mvuke unatoka nje kwenda kwenye chumba baridi. Unapita ndani ya pamba, unakwama kwenye karatasi, na maji yanabaki yameshikana na mbao. Kwa maoni yetu pamba haikuhitajika kabisa. Uvungu wenye kivuli hauna joto la kutisha, shida yake ni maji.

Kuna mambo mawili madogo ambayo fundi mzoefu asingeyapita. Bomba la maji ya kiyoyozi linaishia ndani ya uvungu na kumwaga lita kadhaa kila siku. Na paa ni la makuti, halina michirizi, hivyo mvua yote inashuka kwenye mstari mmoja kando ya msingi ambako ardhi imeinamia nyumba.

Tunachotaka kifanyike, kwa mpangilio huu, ni kutoa pamba yote na kukausha mbao hadi zishuke chini ya asilimia 18 kabla ya kuziba chochote. Mkiziba mbao mbichi mtakuwa mmeufungia unyevu ndani. Wakati huo bomba la kiyoyozi litolewe nje. Chini ya mstari wa makuti uchimbwe mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 40, usipite chini ya msingi, uwekwe bomba lenye vitundu la inchi 4 lenye mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, ujazwe kokoto. Ndani, mtandike mchanga laini wa shamba sentimita 5. Mchanga wa pwani hatuutaki, chumvi yake inavuta unyevu. Juu yake nailoni geji 1000, mapindano sentimita 30 na tepu ya pande mbili, ipande ukutani na ikazwe kwa papi na skrubu. Sentimita 8 za juu za ukuta zibaki wazi, ili vijia vya udongo vya mchwa vionekane kwenye ukaguzi. Kisha matundu yote yazibwe kwa tofali na saruji, na mlango wa kuingilia uvungu ufungwe kwa mpira.

Uvungu uliozibwa bila kukaushwa hewa hautoshi. Mashine ya kukausha hewa, ambayo imo kwenye mkataba na haijaletwa, iwekwe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 55, na bomba lake litoke nje kwa mteremko bila pampu, maana umeme ukikatika pampu husimama na maji hurudi. Kwa upande wetu, kiyoyozi tutakipandisha hadi nyuzi 25.

Asilimia 10 ya malipo tunaendelea kuizuia hadi vipimo vya mbao visomwe mbele ya pande zote mbili, mwezi mmoja baada ya kuziba. Gharama ya mbao za sakafu zitakazobadilishwa ni yenu. Tunataka jibu la maandishi lenye tarehe ya kuanza ndani ya siku 14. Tusipolipata, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, pamoja na ankara, picha na kipande cha nailoni yenu.

Nyumba namba 3 haina wageni hadi mwisho wa Juni. Funguo ziko kwa mlinzi, na fundi aje na kipima unyevu chake.

Wenu,
Wasimamizi wa Matengenezo