Somo, usipakie fuso kwanza

Morogoro,
12 Oktoba 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya Uluguru. Hatujambo, ila joto limeshaanza na kila asubuhi watu wanatazama mlimani kuona kama vuli itawahi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili nimekaa kabisa. Umesema Desemba unastaafu, nyumba ya Tabata huko Dar unairudisha kwa mwenyewe, na vitu vyote vya miaka hiyo unavipakia fuso vije huku, tutajua mbele ya safari. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukasema kiuno kinakubana ukiinama kupalilia yale matuta yako mawili ya mchicha. Nimeona simu haitoshi. Kwangu mimi habari ya vitu na habari ya kiuno zilikuja siku moja, tena saa moja, na sitaki zikukute hivyo.

Baada ya mzee kututoka niliishi na vitu vyetu vyote mwaka mzima bila kugusa hata kimoja. Mwaka wa pili nikasema sasa basi, vingine vikafae watu. Siku ile nilikuwa namalizia kabati la vyombo. Zile sahani za shughuli unazijua, dazani nne, nilizipanga kwenye beseni la bati hadi juu. Kijana wa bajaji alikuwa amesimama mlangoni. Nikainama magoti yamenyooka, nikalinyanyua beseni kutoka sakafuni, na badala ya kugeuka na miguu nikageuza kiuno tu ili nimpokeze. Kikanishika palepale. Beseni sikuliachia, niliogopa sahani, na nadhani huko kuling'ang'ania ndiko kulikoniumiza zaidi.

Miaka 31 nimefanya kazi wodini, somo. Nimewafundisha wanafunzi wa unesi kukunja magoti, kuukumbatia mzigo karibu na tumbo, kugeuka kwa hatua za miguu. Nikalala siku tatu chali, nikingoja kipone chenyewe. Aliyeniinua ni binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Alinipapasa mgongo, akanipima nguvu za miguu, akaniambia hakuna kilichovunjika, na kwamba kitanda kinazidi kuilegeza misuli inayoubeba uti wa mgongo. Nianze kutembea, hata kama ni kutoka mlangoni hadi getini. Nilitembea nikishika ukuta. Wiki ya tatu nilifika sokoni kwa Chifu Kingalu na kurudi, kikapu kitupu, lakini nilifika.

Umeniuliza kama ununue ule mkanda wa kiuno wanaouza stendi. Usinunue. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kiuno yasiyoisha, na mikanda ile ni miongoni mwa vitu wasivyopendekeza. Wanasisitiza mazoezi, na mgonjwa aelimishwe ajitunze mwenyewe. Na hizo sindano za diklofenaki unazochomwa duka la dawa la mtaani kila kikikubana, tafadhali acha. Wewe una presha, na vidonda vya tumbo ulishawahi kuugua. Dawa ile ni adui wa vyote viwili. Mwone daktari akupe kinachokufaa. Tena siku yoyote ukisikia ganzi makalioni au sehemu za siri, au mguu unalegea, au mkojo hauzuiliki, usinipigie mimi wala usisubiri kukuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa vitu. Nakuomba uulize kwanza, ndipo ufunge mzigo. Mimi nilianza vibaya. Viroba vyangu vya kwanza vya nguo nilivipeleka mahali fulani bila kuuliza, wakavipokea kwa heshima, na miezi mingi baadaye nikapita nikavikuta bado koridoni, panya wameshatoboa. Nguo za mzee zilikuwa humo. Siwalaumu, hawakuwa wameziomba. Safari ya pili nikampigia sista wa kituo cha watoto huku kwetu, nikamuuliza wanapungukiwa nini. Hakusita. Mashuka ya vitanda vidogo, sufuria kubwa za kupikia ugali, ndoo zenye mifuniko. Nguo wanazo nyingi kuliko makabati. Nilikuwa nimefunga viroba vitano vya nguo, na sufuria nilikuwa nimeziweka upande wa kubaki nazo! Zile mbili kubwa za harusi ya kifungua mimba wetu zimeenda. Nimezikuta jikoni kwao juu ya mafiga, zimeshapata masizi, na nilifurahi kuliko siku niliyozinunua.

Unakumbuka tope lilipoishukia Katesh kutoka mlima Hanang, ile Desemba 3, 2023? Tulivyochambua michango usiku pale usharikani, wewe na mimi sakafuni. Viatu vya mguu mmoja, blauzi zisizo na vifungo, vikombe visivyo na mkono. Mtu amepoteza nyumba na watu wake, anapokea kiatu cha mguu mmoja. Wewe ndiye uliyesema usiku ule kwamba kama huwezi kukiweka mezani mbele ya mgeni, usikitoe. Nimeishika kauli hiyo tangu siku hiyo, nami nakurudishia. Mashuka yafuliwe na kupigwa pasi. Thermosi ijazwe maji ya moto usiku, uone kama asubuhi bado yana moto. Magodoro na makochi yaanike juani, kisha pekua mishono yote kwa tochi, maana kunguni ukimpeleka kwenye bweni la watoto umewapa shida ya mwaka mzima. Dawa zilizobaki usimpe mtu, zirudishe famasia.

Cherehani ndiyo iliyonichelewesha. Ile ya miguu, unaijua, ndiyo iliyoshona sare za watoto wangu wote na sketi yako ya kitenge. Wasichana wa chuo cha ushonaji walikuwa wanashona kwa zamu, wanne cherehani moja. Nilimwita fundi akabadilisha mkanda wa ngozi uliokuwa unateleza, akaitia mafuta, tukajaribu kushona kipande cha shuka mpaka mshono ukanyooka. Wakati wa kusafisha nikaivuta droo ya kushoto, ile inayokwama, na nyuma kabisa, chini ya vifungo na sindano zenye kutu, nikakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Vipimo vya sare za darasa la kwanza, kwa mwandiko wa mzee: kifua 24, urefu 27, "acha pindo kubwa, anakua." Mimi nilipima, yeye akaandika, na hilo la pindo aliliongeza mwenyewe. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Cherehani imekwenda, karatasi ninayo kwenye Biblia. Somo, pekua kila droo kabla kitu hakijatoka mlangoni.

Na siku ya kutoa, usinyanyue chochote. Lipa vijana wawili. Wewe kazi yako iwe kusema hiki kinaenda, hiki kinabaki. Kabati la marehemu mama yako libaki, hata kama halina pa kukaa hapa kwangu tutalitafutia.

Bustani sikuiacha, ila nimeibadilisha yote ili inifuate mimi. Nane Nane hapa Morogoro niliona kilimo cha gunia, nikarudi nikatengeneza matatu. Unachukua gunia kubwa, unakunja mdomo wake nje. Katikati unasimamisha ndoo ndogo iliyokatwa kitako, unaijaza kokoto, pembeni kuizunguka unajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Unaivuta ndoo juu, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo, unajaza tena, unavuta tena, mpaka gunia linajaa. Usiiruke hiyo nguzo. Maji ukiyamwaga juu yake yanashuka hadi chini na kusambaa pembeni. Bila hiyo mboga za juu zinaoza kwa maji na za chini zinakauka. Kisha unatoboa matundu ubavuni, unapachika miche ya sukuma wiki na spinachi, juu unaweka vitunguu. Gunia langu limenifika kiunoni. Nachuma nimesimama wima, na sufuria ya jioni inajaa kabla mgongo haujakumbuka kuuma.

Matuta ya chini yamebaki mawili, la mchicha na la matembele. Hayo nayapalilia nimekaa kwenye kigoda, au nimepiga goti moja juu ya gunia lililokunjwa, nikisogea nalo. Jembe nimelitia mpini mrefu unaonifika kifuani. Fundi alishangaa, nikamwambia mpini mfupi ndio uliowapinda bibi zetu. Juu ya udongo natandaza majani makavu, magugu yanapungua na unyevu unakaa, kwa hiyo hata kumwagilia ni mara chache. Maji nabeba ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, nusu nusu. Ile ya lita 20 ni kilo 20 zinazokuvuta upande mmoja. Na sifanyi kazi moja kwa muda mrefu. Nikipalilia kidogo nasimama, naweka mikono kiunoni, najinyoosha nyuma taratibu mara tano, kisha nakwenda kumwagilia. Asubuhi tu mwili ukiwa umetoka kulala sigusi jembe. Kwanza natembea, chai, ndipo bustani.

Kiuno changu hakijawa kama zamani. Zikiwepo siku za baridi ya Juni kinanisemesha, nami nakisikiliza. Lakini kuinama kwa mchicha hakuniogopeshi tena, na wewe pia utafika hapo.

Nina ombi moja. Kabla ya Desemba panda treni ya mwendokasi uje wikiendi moja, hapa ni chini ya saa mbili tu siku hizi. Uje na begi la mkononi na orodha ya vitu vyako, tukae barazani tuigawe: vya kubaki, vya sista, vya chuo cha ushonaji, vya majirani zako wa huko. Fuso tutaikodi baadaye, na nadhani itatosha kirikuu. Miche ya sukuma iko kitaluni, itakuwa tayari wiki mbili zijazo. Gunia la nne nimelijaza jana, la kwako.

Wasalimie watoto na wajukuu wote.

Wako,
Somo