Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Fundi, Njoro

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu la Fundi, tunawashukuru kwa dhati nyote mliosimama nasi tangu alipolazwa mpaka tulipomzika Jumamosi iliyopita shambani kwake Njoro. Tungependa kumfikia kila mmoja wenu nyumbani, lakini mlikuwa wengi mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa wiki sita, mchungaji na waumini, kina mama waliopika tangu alfajiri, na kamati ya mazishi iliyokutana kila jioni gerejini huku baadhi ya wajumbe wakikalia matairi. Michango yenu ilimaliza bili yote ya hospitali. Wapo waliotuma shilingi hamsini. Tumeyasoma majina yenu yote mbele ya Mama, moja baada ya jingine, akiitikia kila jina.

Vijana wengi walituuliza kwa nini jeneza lilitanguliwa na Datsun kuukuu yenye milango ya rangi mbili. Mnastahili jibu, kwa sababu gari lile ni lenu pia.

Baba alikuwa na miaka 16 wakati Joginder Singh na nduguye Jaswant waliposhinda Safari, yale mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1965 kwa gari aina ya Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kukimbizwa katika Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder mwenyewe alikuwa fundi wa magari. Ndugu wawili na gari lililokwisha kutumika: hayo yalimtosha Baba. Alipenda pia kutukumbusha kwamba Safari ilipoanza mwaka 1953 yalishindana magari ya kawaida ya dukani, yakapangwa madaraja kwa bei zake, na hakukuwa na mshindi wa jumla. Aliamini kwamba mbio za magari zilikuwa za watu kama sisi tangu mwanzo.

Datsun yetu, 160J, aliinunua mwaka 1984 kwa mkulima wa Molo ikiwa imegongwa mbele. Ni jamii ileile ya Datsun Violet ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baba aliinyoosha bodi kwa nyundo na kuchomea ndani mabomba ya chuma ya kumlinda dereva gari likipinduka. Kaka alikuwa makanika, Mama alishika saa, na dada yetu mkubwa akawa navigeta, yaani wa kumsomea dereva njia. Safari yenyewe hatukuwahi kuingia, pesa hazikutosha. Tulikimbia mbio ndogondogo za Nakuru na Eldoret, na katika miaka ile Safari ilipokuwa ya Pasaka, Baba aliacha gereji wazi usiku kucha kwa ajili ya madereva wasio na kampuni nyuma yao. Wengine walilipa, wengine waliondoka na ahadi. Hakuwahi kuwalalamikia.

Mazishini dada alisoma ukurasa mmoja wa daftari lake la njia, kurasa zikiwa bado na tope lililokauka: "Kulia pole. Mita mia. Mlima. Kushoto kali, daraja, usiamini." Hilo "usiamini" lilikuwa neno la Baba. Mtu akiongeza mwendo mbele ya daraja asilolipita jana yake, Baba alimpigia kelele kwa neno hilohilo, hata awe dereva wa matatu. Tulipolisikia kaburini tulilia upya, na tunawashukuru mliotushika.

Lakini nyuma ya daftari hilo kuna kurasa ambazo sisi wenyewe tulikuwa hatujazisoma. Baba aliandika humo kila mahali gari lilipokwama na waliolitoa. "Elburgon, mvua, watu 11, kina mama 4 wakitoka kanisani." "Mau Narok, mzee na kamba ya ng'ombe, hakutaka pesa." "Molo, watoto wa shule, niwapelekee mpira." Mstari wa Molo una alama ya vema pembeni, kwa hiyo mpira ulifika. Mingine haina alama. Kama ulikuwa miongoni mwa wale, au ni mama yako au babu yako, tafadhali pokea leo shukrani ambazo Baba alikuwa bado anaziweka akiba.

Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Baba alikuwa tayari anatembea kwa mkongojo. Mwaka uliofuata wapwa zetu walimpeleka Soysambu, upande wa Elmenteita. Vumbi la kule ni laini kama unga, na magari yalipopita hakuona chochote. Alifumba macho akasikiliza, kisha akatuambia nani amechelewa kubadilisha gia. Ahsanteni vijana mliompisha akae mbele, na wewe uliyemfunika na koti lako. Koti hilo bado tunalo.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na gari la maiti likazama kwenye tope karibu kilomita moja kabla ya kufika shambani. Hakuna aliyeitwa. Mlivua viatu, mkakunja suruali na kupandisha leso, mkaingia kwenye tope la magoti mkiimba, mkamsukuma Baba mpaka langoni kwake. Wageni wa kutoka Eldoret waliofika na suti walirudi na matope hadi vifuani. Mama aliwaona wote kupitia kioo cha gari. Jioni aliomba daftari na kalamu, akaandika chini ya mistari ya Baba: "Njoro, mvua, watu wasiohesabika."

Gereji itafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi chini ya kaka yetu. Wenye magari yaliyobaki ndani tunawaomba radhi kwa kuchelewa. Mliokuwa mmelipa nusu, Baba aliandika kila kitu, na ahadi zake zote tutazitimiza. Mwenye koti naye apite, limefuliwa.

Mungu awabariki nyote.